Damu ya Kopo

Wiki iliyopita nilitoboa kopo la juisi ya nyanya jikoni kwangu Morotonga. Kabla sijamaliza kumimina, mama yangu akaita kutoka sebuleni, alikokuwa amempakata kitukuu wake. "Bhoke, hilo ni kama yale ya Ghati?" Macho yake siku hizi yana ukungu, ananitambua kwa mwendo, lakini pua yake haijazeeka hata kidogo. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni kama yale, ila haya hayana chumvi. Akasema, "Aa," akaendelea kumwimbia mtoto.

Katoni nzima nilikuwa nimeitoa Sirari mwenyewe. Binti yangu Robhi amejifungua, na hospitalini Mugumu walimwambia damu yake iko chini kidogo, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Mkwe wangu alipoona katoni ile alicheka. "Mama, nyanya zimejaa sokoni, za kopo za nini?" Nikamwambia nyanya za sokoni nazijua kuliko yeye, nimezilima na zimenivunja mgongo. Msimu mmoja zinafurika mpaka zinaozea kwenye matenga, msimu mwingine unatafuta tatu za mchuzi huzioni. Kopo halingoji mvua. Akaibeba katoni ndani, maana anajua nikianza simalizi leo.

Kweli mimi ni mtu wa kusema, na sioni aibu. Kuna jambo moja tu maishani mwangu ambalo sikuwahi kulisema, na lilikuwa limejificha ndani ya kopo la namna ile. Nililibeba tangu nikiwa na umri wa kusonga ugali wa watu wawili tu, sufuria la watu sita likinishinda.

Tulikuwa tunakaa Nyambureti, kwenye boma la baba yangu, ambaye tulimwita tata kama Wakurya wote wanavyowaita baba zao. Nyumba ya bibi, mama yake tata, ilikuwa inatazamana na yetu, na bibi hakuwa mtu wa kukaa kimya akiona jambo haliendi. Ng'ombe wa boma lile walikuwa wa tata kwa jina, lakini bibi ndiye aliyewajua mmoja mmoja, nani kazaa nani, na yupi ana hasira.

Mama alimzaa mdogo wangu Mwita wakati wa palizi. Mtoto alitoka vizuri, akalia, akanyonya. Mama ndiye aliyemwaga damu nyingi. Walimpeleka zahanati, akakaa huko siku kadhaa, akarudi na kanga mbili mpya na uso wa rangi ya majivu. Nesi alimpa pakiti ya vidonge na kumwambia amepungukiwa damu, ale vizuri, asikose dawa. Akitoka ndani kwenda uani alikuwa anashika ukuta. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, wa kike, kwa hiyo nilimfuata nyuma nikiwa nimenyoosha mikono, kana kwamba akianguka ningeweza kumdaka.

Kwetu mwanamke aliyemwaga damu anarudishiwa damu. Bibi hakuona kitu cha kujadili hapo. Alimwita tata, akamchagulia dume moja jekundu lenye shingo nene, wakalifunga kamba shingoni mpaka mshipa ukasimama. Tata akachukua upinde mdogo na mshale mfupi wenye kizuizi karibu na ncha ili usizame, akapiga mara moja. Damu ikaruka kwenye kibuyu. Dume hata halikulia. Walipoona kibuyu kinatosha, walilegeza kamba, bibi akaziba tundu kwa samadi mbichi, na dume likarudi kula majani kana kwamba halijafanyiwa kitu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa. Nilipenda kuona, sikuwa mwoga.

Bibi alikoroga ile damu na maziwa ya mgando, akampelekea mama mwenyewe, kwa mikono miwili. Mama akaiangalia, akageuza uso.

"Mama, chochote utakachonipa nitakula," alimwambia bibi. "Hiyo siwezi."

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa la Jumamosi tangu usichana wake. Katika imani yao damu haiingii mdomoni, iwe ya ng'ombe, iwe ya kuku, na wengine wetu tulifundishwa hivyo kila Jumamosi asubuhi chini ya bati la kanisa, pamoja na habari za moto unaowasubiri wasiosikia. Tata hakuwa wa kanisa lolote. Bibi ndiyo kabisa.

"Huyo Mungu wako anataka ufe?" bibi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Nadhani alitaka kweli kujua.

"Mimi sitaki kufa, mama."

"Basi kunywa."

Mama hakunywa. Bibi alikibeba kile kibuyu akarudi nacho kwake, na kwa siku tatu hakuvuka ua kuja upande wetu. Akipita kisimani alisalimia mti kabla ya kunisalimia mimi. Tata alikaa katikati, hana upande, akawa anachonga mpini ambao haukuisha.

Ndipo tata alipotuma ujumbe Sirari kwa dada yake. Shangazi Ghati alikuwa mfanyabiashara wa mpakani. Alivusha sabuni, sukari, mitumba, betri, chochote ambacho upande mmoja kilikuwa rahisi na upande mwingine ghali. Tulimpenda kwa sababu alikuja na biskuti, na tulimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa hodari wa kukiita kitu jina lisilo lake. Ilijulikana kwetu sote, na ilisimuliwa kwa fahari, jinsi alivyowapita wakaguzi na sukari akisema ni mbegu za mtama. Hakusema uongo nyumbani, ila sisi tulishazoea kwamba mzigo wa Ghati hauitwi jina lake mpaka ufunguliwe.

Alishuka kwenye pikapu ya watu wa mahindi akiwa na katoni kichwani. Shikamoo zetu alizipokea akitembea. Akaenda moja kwa moja mlangoni kwa bibi, na mimi nyuma yake.

"Wacha ng'ombe wako apumzike, mama," alimwambia. "Hii niliyoleta kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, itafanya kazi ileile, na wifi yangu atakunywa bila maneno."

"Ni nini?"

"Juisi ya nyanya," shangazi akasema, akacheka, akanipiga begani.

Sasa naomba wenzangu wa rika langu mnisaidie hapa, maana vijana hawatanielewa. Kopo lilikuwa na picha ya nyanya, tena nyekundu, kubwa, zenye matone ya maji. Lakini nani kati yetu alikua akiamini picha ya kopo? Nyumbani kwetu kopo la maziwa ya unga lenye mtoto mnene wa kizungu lilikuwa la majani ya chai. Kopo la mafuta ya kupikia lilikuwa la chumvi. Kopo la biskuti, lile lenye mama aliyepanda farasi, lilikuwa la sindano, nyuzi na kadi za kliniki, na mtoto aliyelifungua akitarajia biskuti alijifunza mapema jinsi dunia ilivyo. Picha ilikuwa ya kopo, kilichomo kilikuwa cha mwenye kopo. Kwa hiyo niliziona zile nyanya na hazikuniambia kitu.

Kilichoniambia kitu ni msumari. Shangazi aliweka kopo juu ya jiwe, akasimamisha msumari karibu na ukingo, akagonga mara moja. Akatoboa tundu la pili upande wa pili ili hewa ipite. Kisha akainamisha, na kile kitu chekundu, kizito, kikaruka kwenye kikombe kwa mkondo mwembamba uleule nilioujua. Kikombe kilipojaa, alilisimamisha kopo, akachukua madonge mawili ya ugali, akaziba matundu.

Nilikuwa nimeona jambo lile siku chache tu kabla, kwa dume jekundu, mpaka kuzibwa kwake. Kwa akili yangu ya wakati ule hapakuwa na fumbo lolote. Huko Kenya kuna watu wamepata akili ya kutia damu ya ng'ombe kwenye makopo, shangazi na bibi wamepatana, na mama yangu anakwenda kunyweshwa asichokitaka.

Nilimfuata shangazi mpaka kitandani. "Kunywa, wifi, ni nyanya hii, hoteli za watalii wanakunywa asubuhi kabla ya chai." Mama alinusa, akaonja kidogo tu, akasimamisha kikombe mdomoni. Alitazama ndani ya kikombe kwa muda. Kisha akafumba macho, midomo ikatikisika kidogo, akanywa yote. Tangu siku ile hakuwahi kunywa bila kufumba macho. Mimi nilijua ni ladha mbaya.

Mniruhusu niseme nilivyokuwa nimebanwa, maana mtoto akibanwa hakuna anayemwona. Nikimwambia mama kwamba ni damu, ataacha kunywa na atakufa. Nisipomwambia, atapona, lakini siku ya mwisho atachomwa kwa kosa ambalo mimi nililijua na nikanyamaza. Nilizunguka na jambo hilo kisimani na shambani. Mwita akilia nilimbeba nikamwambia yeye, kwa kuwa hakuwa na meno ya kusema.

Siku ya tatu niliamua. Mama alikuwa amelala, shangazi amekwenda kusalimia majirani. Nilichukua kopo lililokuwa na donge la ugali, nikaenda nyuma ya kihenge, nikaling'oa donge na kunywa. Ilikuwa na chumvi. Tena nyuma ya chumvi kulikuwa na ladha ya bati, ileile unayoipata ukinyonya kidole ulichojikata. Shaka yangu yote ikaisha. Nilikunywa mafunda matatu, nikatapika kidogo, nikanywa la nne kufidia. Sikufanya hivyo kwa uchu. Niliwaza kwamba kama mama anakwenda motoni basi asiende peke yake, maana huko hatakuwa na mtu wa kumfuata nyuma akishika ukuta.

Nikarudi ndani nikijiona mtu mzima. Nilioga, nikafagia uwanja bila kutumwa, na Jumamosi iliyofuata niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kazi ya kumpa mama kikombe nikaichukua mimi. Shangazi alirudi Sirari kwenye biashara zake, akaniachia msumari na jiwe. Makopo yaliyokwisha niliyaosha, nikayakata mdomo kwa kisu cha tata na kuuponda ukingo ili usikate mtu, nikayapanga kwenye rafu. Hakuna kopo lililotupwa kwetu. Moja likawa la kuchotea unga, moja likawa koroboi, moja bibi alilipandia mche wa mlimao bila kuuliza lilikuwa na nini, jambo ambalo kwangu lilikuwa ushahidi mwingine. Na moja, la mwisho kabisa kwenye rafu, mama aliniomba nimpe, akalirudisha mwenyewe na kulifunika kwa kitambaa. Nilichungulia. Lilikuwa na vidonge vyake.

Nilimuuliza mbona havimezi. Akasema vinamchafua moyo, na choo kimekuwa cheusi mpaka akaogopa. "Nakunywa hii ya shangazi yako inatosha. Usimwambie tata." Basi nikawa na siri mbili, na zote zilikuwa za mama.

Mama hakupona. Niseme wazi, kwa sababu hata leo kuna watu wanaamini kwamba kila chekundu ukinywa kinageuka damu. Alikunywa kopo baada ya kopo na uso ulibaki wa majivu. Asubuhi moja alisimama kumwogesha Mwita, akafika mlangoni, akakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kupumzika, halafu akalala ubavu. Bibi ndiye aliyefika kwanza. Alivuka ua mbio, nywele wazi, akambeba kichwa na kumwagia maji. "Mama Bhoke," alikuwa anaita. "Mama Bhoke, nisikilize."

Tata alimpakia kwenye baiskeli, bibi akamshika mgongo, mimi nikambeba Mwita, na kopo moja zima nikalitia kwenye mfuko pamoja na msumari wangu, maana sikutaka akose cha saa sita. Tulitembea hivyo mpaka zahanati.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mtu wa upande wa ziwani kwa lafudhi yake. Alivuta kope la chini la mama, akatazama. Akaangalia viganja. Akamwambia tata, "Huyu hajaongezeka damu. Hapa sina la kumfanyia kubwa. Akiendelea kushuka mtampeleka hospitali ya Mugumu aongezewe damu."

Nikasikia sauti yangu ikitoka. "Lakini anakunywa damu kila siku."

Kila mtu akanigeukia. Tata alifungua mdomo. Bibi alinitazama kama anayeniona mara ya kwanza. Mama peke yake hakushtuka. Aliangalia chini tu, kwenye mikono yake, na mimi nikadhani hana nguvu ya kushtuka.

"Damu gani, binti?" nesi akauliza.

Nikamtolea kopo. Nilieleza yote, msumari, mkondo, donge la ugali, chumvi, nikilia na kumtikisa Mwita kwa wakati mmoja. Sikusema tu kwamba na mimi nilikunywa. Hilo lilikuwa langu.

Nesi hakucheka. Namshukuru mpaka leo kwa hilo. Alichukua mkasi wake, akatoboa kopo palepale mezani, akamimina kwenye kifuniko cha chupa, akanusa na kunywa. Akamimina tena, akampa bibi. Bibi alinusa kwa muda mrefu, akalamba, akamrudishia.

"Nyanya," bibi akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. "Nyanya tu. Mimi damu naijua."

"Ni nyanya na chumvi," nesi akamwambia mama. "Ndivyo wanavyotengeneza kiwandani. Onja tena."

Mama akaonja. Akaanza kulia. Alilia kwa muda mrefu, mabega yanatikisika, hata nesi akaweka mkono kichwani pake na kusema, "Basi, mama, basi, hakuna ubaya uliofanyika." Nilijua analia kwa sababu ya ugonjwa.

Kisha nesi akauliza kuhusu vidonge, na mama akasema anameza. Mimi tayari nilikuwa nimeshafungua mdomo siku ile, na mdomo wangu ukishafunguka hauna mlango. "Viko kwenye kopo la mwisho kwenye rafu," nikasema. "Vimefunikwa kitambaa."

Hapo nesi alikasirika kweli, na hasira yake ilimponya mama yangu. Alituketisha wote wanne, pamoja na bibi, akatufundisha kama darasa. Alisema wekundu si damu. Ingekuwa hivyo, pilipili ingetosha. Kinachojenga damu ni madini ya chuma, na juisi ile ina kidogo sana. Lakini ina kitu kingine, vitamini ya uchachu iliyomo kwenye nyanya, machungwa na malimao, na hiyo ndiyo inayoufungulia mwili mlango ili chuma cha vidonge, cha maharage na cha mboga za majani kiingie. "Umekuwa unafungua mlango kila siku," alimwambia mama, "na hakuna mgeni anayeingia, kwa sababu umemficha kwenye kopo." Choo cheusi ni kawaida ya dawa, asiogope. Kichefuchefu kikija, ameze kidonge baada ya kula kidogo, kwa hiyohiyo juisi, asimeze kwa chai, maana chai inafunga mlango uleule. Chai asubiri mpaka chakula kishuke. Na mambo ya donge la ugali yakome. Kopo likishafunguliwa limiminwe lote kwenye chupa safi, linywewe siku hiyohiyo. Kopo lililovimba litupwe, hata kama kopo lenyewe linatamaniwa.

Bibi alikuwa amesikiliza bila kupepesa. "Na ng'ombe?" akauliza. "Ng'ombe hana kazi hapa?"

"Unakula maini?" nesi akamuuliza mama.

"Maini nakula."

"Basi mpe maini, bibi. Hicho chuma unachokitafuta kwenye shingo ya dume kimelala kwenye ini lake, na imani ya huyu haijaguswa."

Sijawahi kuona mtu akifurahi vile kwa kushindwa. Bibi alisimama, akajifunga kanga vizuri. Njiani alimwambia tata mara tatu kwamba yeye tangu mwanzo alisema ng'ombe. Kuanzia wiki ile, kila siku ya mnada aliamka akaenda mwenyewe kwa wachinjaji, akachagua ini kwa kidole, akalibeba kwenye sufuria lenye mfuniko. Alilipika kwenye jiko letu, upande wetu wa ua, kwa ile juisi ya nyanya badala ya maji, na kitunguu kimoja. Dagaa alizipika vilevile. Maharage pia, akishayaivisha kwanza, maana aligundua mwenyewe kwamba ukitia uchachu mapema maharage yanagoma. Mama alikula. Kidonge alikimeza kwa nusu kikombe, macho wazi. Niliona kwamba hafumbi macho tena, nikadhani ameshazoea ladha.

Ile rangi ya majivu ikamtoka taratibu, si kwa muujiza. Kwanza kucha, kisha midomo. Siku moja alinipita njiani akienda kisimani na ndoo kichwani, nami nikiwa nyuma nimenyoosha mikono kwa mazoea, akageuka akaniambia, "Bhoke, shusha mikono, watu watakuuliza unacheza ngoma gani." Nilishusha.

Hayo yote nilikuwa nikiyakumbuka wiki iliyopita nikiwa na kopo mkononi. Nimeendesha mgahawa Mugumu miaka mingi, nimepikia madereva na walimu, na mchuzi wangu wa samaki unajulikana. Siri yake ni kopo moja kwenye sufuria kubwa, na sasa mnaijua. Najua pia kusoma kopo. Mama ana presha, kwa hiyo nanunua lile lisilotiwa chumvi, na mwenye vidonda vya tumbo namwambia apite mbali. Kwa mambo hayo sina wasiwasi na mtu. Lakini lile la nyuma ya kihenge lilikuwa bado limekaa kooni, na nilimwona mama pale sebuleni na mtoto mapajani, nikasema leo.

Nilimpa Robhi kikombe chake na kidonge chake. Nikakaa chini karibu na miguu ya mama.

"Mama, unakumbuka nilivyosema pale zahanati kwamba unakunywa damu?"

"Nani atasahau. Bibi yako alisimulia habari yako hiyo mpaka anazikwa."

"Kuna kitu sikusema. Na mimi nilikunywa. Nilijificha nyuma ya kihenge nikanywa, nikijua ni damu. Sikutaka uende motoni peke yako."

Robhi aliacha kunywa. Mkono wa mama ulikuwa unapapasa kichwa cha mtoto, unakwenda na kurudi.

"Ghati aliniambia ni nyanya," akasema mwishowe. "Ghati aliyeita sukari mbegu. Ulimi wangu ulikuwa umekufa, kila kitu kilikuwa chumvi na chuma. Nilipoonja tu nikajua wamenichezea, yeye na mama mkwe."

Nilimwangalia. "Ulijua?"

"Nilidhani najua. Kama wewe."

"Na ukanywa? Kila siku?"

"Mwita alikuwa ananyonya," mama akasema. "Na wewe ulikuwa hata ugali wa sufuria kubwa huwezi kusonga. Nikasema, huko mbele nitajibu mwenyewe."

Mimi mtu wa kusema nililia pale chini mbele ya binti yangu, bila aibu. Nilikumbuka midomo yake ikitikisika juu ya kikombe.

"Ndiyo maana ulikuwa unafumba macho," nikamwambia. "Ulikuwa unaomba msamaha."

"Hapana," mama akasema. "Nilikuwa naomba wewe usijue."